Kivuli Nacho Kipimwe kama Tunda

Mwulize mkulima wa Machame au Marangu, Kilimanjaro, faida ya ule mti mkubwa uliosimama katikati ya kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, hatakujibu kwa neno moja. Atakwambia unaikinga mibuni na jua la Januari, majani yake yakianguka ni mbolea, matawi makavu ni kuni, nyuki wanaukimbilia ukichanua, na siku ya shida kubwa unapasuliwa mbao. Mwulize mtafiti swali hilohilo, na kwa miongo mingi jibu lake limekuwa kipimo kimoja: kilo za kahawa kwa hekta. Majibu haya mawili hayajaandikwa vya kutosha kwenye daftari moja. Kwa sababu hiyo wako waliokata miti waliyopaswa kuiacha, na wako waliopanda miti ambayo mahali pake hapakuwa pale.

Kivuli ni zao. Kina kiasi na ubora, kina msimu, kina gharama ya kukitunza, na kikizidi kinaleta hasara. Kinastahili mizani kama tunavyolipima embe au parachichi, miaka mfululizo, na ndani ya shamba la mtu anayelitegemea kwa chakula na ada za shule.

Tatizo lina historia. Sayansi ya matunda na sayansi ya misitu ziliachana mapema. Kituo cha East Malling huko Uingereza, kilichoanzishwa 1913, kilijipatia jina kwa kuainisha mashina ya kubebeshea matufaha. Chini ya Ronald Hatton mashina hayo yalipangwa na kupewa namba, na mojawapo, M9, huufanya mti uwe mfupi kiasi cha mtu kuchuma akiwa amesimama chini. Tangu hapo mtafiti wa matunda amekuwa akiutafuta mti mfupi unaozaa mapema na kupandwa mingi mahali padogo. Mwelekeo huo umeyafikia maembe na maparachichi yetu, na sina ugomvi nao. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa ukiwa na miaka 3 hadi 5, wakati uliotokana na kokwa unaweza kukuweka miaka 7 au zaidi, tena usijue utazaa embe la namna gani. Mtaalamu wa misitu naye alitaka kitu kingine kabisa: shina refu lililonyooka, lenye matawi machache, liende kiwandani. Mti wenye mwavuli mpana, unaozaa, unaokinga na unaotoa mbao baadaye, ukabaki bila mwenyewe. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kilipoanzishwa 1978 na baadaye kuweka makao yake Nairobi, kazi yake ilikuwa kuuokota mti huo uliotupwa kati ya idara mbili.

Wachaga hawakusubiri idara yoyote. Mwaka 1984 ulichapishwa utafiti wa Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe kuhusu vihamba vya Kilimanjaro, ambao bado ni msingi kwa yeyote anayeingia kwenye somo hili. Maghembe ndiye Profesa Jumanne Maghembe, ambaye baadaye alikuwa waziri. Walikuta kihamba cha wastani kina ukubwa wa hekta 0.68, na ndani ya vihamba hivyo wakaorodhesha zaidi ya aina 100 za mimea yenye matumizi. Juu kabisa imesimama miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Miaka 22 baadaye Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeufanyia kazi mlima huo kwa miaka mingi, alihesabu kila kinachoota, kilichopandwa na kisichopandwa, akapata zaidi ya aina 500. Nyingi kati ya hizo zilikuwa mimea ya porini iliyopata hifadhi chini ya kivuli cha watu. Mwaka 2011 FAO iliingiza vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa thamani duniani.

Heshima hiyo ni nzuri, lakini haimwambii mkulima aache miti mingapi. Na hapo ndipo kazi ya utafiti ilipo.

Mbuni wa arabika ni mmea wa msitu. Asili yake ni misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia, ambako huota chini ya miti mikubwa. Jani lake hutosheka na mwanga mapema, na jua la saa sita linalozidi hapo huliongezea jani joto bila kuliongezea chakula. Hata hivyo mbuni ukiwekwa juani hutoa pingili nyingi zaidi, na kila pingili ina maua. Ndiyo maana shamba la jua kali lenye mbolea na dawa za kutosha hutoa mavuno makubwa, na ndiyo maana nchi nyingi zilizotaka tani za haraka ziliondoa kivuli. Shida inakuja msimu unaofuata. Mbuni uliobeba kupita nguvu zake hunyauka ncha za matawi, mwaka huo wa pili unazaa kidogo, na mkulima asiye na hela ya mbolea hupoteza hata ule mbuni wenyewe. Shamba la jua linadai pembejeo kila mwaka. Kivuli kinamvumilia mkulima mwaka ambao hana.

Majaribio ya Costa Rica yameliweka jambo hili kwa namba. Philippe Vaast na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2006, walipima mibuni iliyokuwa chini ya kivuli cha takriban asilimia 45 dhidi ya ile ya juani, kwenye eneo linaloifaa kahawa kwa urefu na hali ya hewa. Mavuno yalishuka kwa asilimia 18. Kwa upande wa pili, matunda yalichelewa kuiva hadi wiki 6, punje zikawa kubwa zaidi, ladha ikawa bora, na ule mtindo wa kuzaa sana mwaka mmoja na kuzaa kidogo mwaka unaofuata ukapungua. Mtu wa kipimo kimoja ataona asilimia 18 iliyopotea na kuchukua shoka. Mtu anayeuza kahawa kwa daraja, anayepata mbao na kuni kwenye mti uleule, na anayehitaji mapato yasiyoyumba, ana hesabu ndefu zaidi ya kupiga kabla hajaamua.

Na hayo yalikuwa mazingira mazuri. Kadiri unavyoshuka mlimani, joto linavyozidi, hesabu inaelemea upande wa kivuli. Arabika hupendelea wastani wa nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Watafiti wa kituo cha icipe cha Nairobi, wakiongozwa na Juliana Jaramillo, walipima mashamba ya Kenya ya kati na kukuta joto ndani ya kahawa yenye kivuli liko chini kwa hadi nyuzi 2 hivi kuliko kahawa ya juani, na mashambulizi ya ruhuka, yule mdudu anayetoboa buni, yakiwa machache zaidi. Nyuzi 2 si jambo dogo. Kwenye milima yetu joto hupungua karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo mti unaopoza shamba kwa nyuzi 2 unamfanyia mkulima kazi ya kuhamia mita 300 juu. Kilimanjaro hakuna mita 300 za ziada za kuhamia, kwa kuwa juu ya vihamba kuna msitu wa hifadhi.

Kuna matokeo mengine yanayonifanya nisishangilie upesi. Mwaka 2015 Alessandro Craparo na wenzake walichambua takwimu za miaka mingi za kahawa ya Tanzania, wakaonyesha kuwa kinachoiumiza zaidi arabika yetu ni kupanda kwa joto la usiku: kila nyuzi 1 inayoongezeka kwenye joto la chini kabisa la siku inaendana na upungufu wa kilo 137 kwa hekta. Sasa, mwavuli wa miti hupoza mchana, lakini usiku huzuia joto la ardhi lisitoke haraka, na hewa iliyo chini yake hubaki na uvuguvugu kidogo kuliko uwanda ulio wazi. Ukiyaweka matokeo haya mawili pamoja unapata swali ambalo ushauri wa jumla wa "panda kivuli" haulijibu. Linahitaji vipimajoto vilivyofungwa usiku na mchana kwenye vihamba vya chini, vya kati na vya juu, chini ya miti ya mwavuli mwepesi na mzito, na mavuno yapimwe palepale. Vifaa hivyo leo ni vya bei nafuu. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa navyo miaka 10.

Wadudu na magonjwa nayo hayatoi jibu moja. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, Mattias Jonsson na wenzake walikuta ruhuka wengi zaidi kwenye kahawa yenye kivuli, ilhali bungua mweupe, ambaye mabuu yake hutafuna shina mpaka mbuni unakufa, alizidi kwenye iliyo juani. Kimatira, mdudu mwingine wa kahawa, naye anapenda mbuni mnene uliofungana, na ndiyo sababu wagani wanahimiza kupogolea. Kuhusu chulebuni, ule ugonjwa wa kuvu unaoozesha buni changa na ulioripotiwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, utafiti wa Kameruni ulionyesha kivuli kinaupunguza, kwa kuwa mwavuli unavunja nguvu ya matone ya mvua yanayosambaza vimelea. Mkulima akisikia semina moja kwamba kivuli kinazuia wadudu na semina nyingine kwamba kivuli kinafuga wadudu, asidhani wataalamu wanamdanganya. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa mdudu wake na kwa urefu wake wa mlima. Kosa ni kuifanya kweli ya Elgon au ya Kameruni kuwa kanuni ya Hai na Mbinga bila kuijaribu huko.

Jaribio lililofanyika nyumbani lipo, na linastahili kujulikana zaidi. Alice Classen na wenzake walifunika mibuni kwa nyavu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, baadhi kuzuia ndege na popo, baadhi kuzuia nyuki, wakalinganisha vihamba, mashamba ya kivuli na mashamba ya jua. Matokeo yalichapishwa 2014. Ndege na popo walipoachwa waingie, matunda yaliyoshika yaliongezeka kwa asilimia 9 kwa sababu walikula wadudu. Nyuki walipoachwa waingie, uzito wa matunda ulipanda kwa asilimia 7.4. Huduma hiyo ilionekana hata kwenye mashamba ya jua, na nadhani maelezo yake ni ya kijiografia: mashamba hayo yamezungukwa na nchi ambayo bado ina vihamba na misitu. Mwenye shamba la jua anakula faida ya miti ya jirani. Jirani naye akikata, hakutakuwa na wa kumtegemea.

Tuje kwenye mti wenyewe, maana neno kivuli linaficha tofauti kubwa. Mruka, ambao wataalamu wanauita Albizia schimperiana, una majani madogo madogo yanayopitisha mwanga wa madoadoa, mwavuli wake ni mpana na uko juu, na mizizi yake hufuga bakteria wanaotengeneza naitrojeni. Kwa kahawa nadiriki kusema hakuna mti bora zaidi kwenye mlima ule. Mringaringa una jani pana na mbao zinazotafutwa na mafundi wa samani, na maua yake meupe ni malisho ya nyuki. Ila hautengenezi naitrojeni, na jani lake pana linahitaji kupunguzwa matawi. Halafu kuna mgrevilea kutoka Australia, ulioletwa Afrika Mashariki kama kivuli cha chai na kahawa, na leo ndio unaojaa kwenye vitalu vingi. Unaota haraka na unavumilia kukatwa matawi mara kwa mara. Sifa yake ya kutoshindana na mazao, hata hivyo, imevimbishwa. Kwenye majaribio ya ICRAF huko Machakos, katika nchi ya mvua haba, mahindi yaliyopandwa chini ya mgrevilea hayakuumia sana miaka ya mwanzo, lakini miti ilipokua mavuno yalishuka vibaya. Mradi wa miaka 3 ungeandika ripoti ya mafanikio na kufunga ofisi. Ukweli ulijulikana kwa sababu watu walibaki.

Mti unaonitia wasiwasi zaidi sasa ni parachichi, na nasema hivi nikilipenda tunda lake. Bei ya parachichi la aina ya Hass imefanya mkulima aone mruka kama mzigo. Anakata, anapanda miche iliyobebeshwa, na kwa pesa ya miaka michache ijayo ana haki ya kufikiri hivyo. Lakini mparachichi una mwavuli mzito usiopukutisha majani kwa wakati mmoja, na mizizi yake ya kulishia iko karibu na uso wa udongo, kulekule mbuni unakolia chakula. Chini yake kahawa haichanui vizuri. Zaidi ya hapo, ua la parachichi hufunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa la kike na mara ya pili la kiume, na Hass hufanya hivyo kwa saa tofauti na aina kama Fuerte. Bila nyuki na bila aina nyingine jirani, maua maelfu yatadondoka. Mkulima aliyekata mringaringa na mruka ili apande Hass ameondoa malisho ya nyuki ambao Hass hiyo inawahitaji. Mahali pa parachichi ni pembezoni mwa kihamba au kwenye kipande chake, na miparachichi ya zamani ya kienyeji inaweza kubebeshwa Hass tawi kwa tawi, bila kung'oa mti na kuanza upya.

Migomba iko salama zaidi kihesabu. Piet van Asten na wenzake walipowapima wakulima wa Uganda waliochanganya kahawa na ndizi, mapato kwa hekta yalizidi kwa zaidi ya nusu yale ya kahawa peke yake au ndizi peke yake, na mavuno ya kahawa hayakushuka. Kwa miaka mingi wagani katika nchi kadhaa walikataza mchanganyiko huo.

Kuna upande mwingine wa muda mrefu, nao unatutaka tuwe waangalifu na miti ya kigeni. Wajerumani walipoanzisha kituo cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, walipanda mamia ya aina za miti kutoka pande zote za dunia kujaribu ipi ingefaa. Mmoja wa miti iliyoingizwa huko, Maesopsis eminii, ambao Uganda wanauita musizi, ulikuja kupandwa kwa wingi baadaye. Hondohondo walipenda matunda yake, wakabeba mbegu hadi ndani ya msitu wa asili, na leo ni mmoja wa miti vamizi inayosumbua msitu ule wenye mimea isiyopatikana kwingine duniani. Aliyeutazama mti huo kitaluni asingeyaona hayo. Yalihitaji miongo, na watu wa kuja kutazama tena.

Ndiyo maana natilia mkazo miaka. Kituo cha CATIE huko Turrialba, Costa Rica, kilianza jaribio la kahawa na miti mwaka 2000 na kimeliendeleza zaidi ya miaka 20. Sisi tunayo Lyamungu, ambako utafiti wa kahawa ulianza 1934 na ambako Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ina makao yake tangu ilipoanza kazi 2001. Tangu 2005 taasisi hiyo imetoa aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, kazi iliyowaokoa wakulima gharama kubwa ya dawa. Aina hizo sasa zijaribiwe chini ya mruka, chini ya mringaringa na chini ya migomba, kwenye vihamba vya watu, kwenye urefu wa mita 1,000, 1,400 na 1,700, kwa muda usiopungua miaka 15. Kila kinachotoka kwenye ardhi ile kiandikwe: kahawa na daraja lake, mikungu, matunda, kuni, mbao, majani ya ng'ombe. Kisha iulizwe ni hekta ngapi za mazao yaliyotengwa zingehitajika kutoa vitu vyote vinavyotoka kwenye hekta moja ya kihamba. Zikihitajika hekta 1.3, kihamba kimeshinda kwa asilimia 30, hata kama kahawa imepungua.

Wakulima wenyewe wawe sehemu ya jaribio. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, na wenzao walipowaomba wakulima wa kahawa Uganda wapange miti ya kivuli kwa ubora wake, kwa kila faida peke yake, walipata mpangilio unaotofautiana kwa urefu wa mlima na unaoweza kutumika kushauri wengine. Maarifa hayo yapo Kilimanjaro, Rungwe na Mbinga, na walio nayo wengi ni wazee. Vitalu navyo vianze kukusanya mbegu za mruka na mringaringa kutoka kwenye miti mama iliyochaguliwa, kwa bidii ileile inayowekwa kwenye vikonyo vya Hass. Mkulima hawezi kupanda mche usiouzwa.

Nawe mwenye kihamba, ikiwa unafikiria kuangusha mti mkubwa mwaka huu kwa sababu kahawa imepungua, anza na matawi. Punguza mwavuli mwanzoni mwa mvua, acha mwanga wa madoadoa uingie, pogolea mibuni, weka samadi, na upime kilo zako kwa misimu miwili mfululizo. Mti unaokatwa kwa nusu siku huchukua miaka 20 au 30 kurudi. Misimu miwili ya kupima si mingi.